Kamba ya alizeti: naipa nyota 4, na nina la kusema kuhusu masupastaa wenye usonji

Wazazi wenzangu mnaosafiri na watoto wenye usonji (autism), wengi mmekuwa mkiuliza ile kamba ya kijani yenye maua ya alizeti inasaidia kweli au ni urembo tu. Sisi tunaishi Uingereza na kijana wangu anaitumia eapoti, supamaketi na stesheni za treni, kwa hiyo nitasema nilichokiona, na nitachepuka kidogo katikati maana kwangu mimi huwezi kuiongelea hii kamba ukaacha kuongelea picha ambayo watu wanayo kichwani wakisikia usonji, na hiyo picha kwa sehemu kubwa wameipata kwa watu maarufu.

Kwa asiyeijua, ni kamba ya shingoni kama zile za kuning'inizia kitambulisho cha kazini. Ilianzia uwanja wa ndege wa Gatwick, London, mwaka 2016, ikasambaa kwenye viwanja vingine, maduka makubwa kama Tesco na Sainsbury's, na sasa iko nchi nyingi tu, hata Dubai wanaitambua. Ujumbe wake ni mmoja, kwamba aliyeivaa ana ulemavu usioonekana kwa macho na huenda akahitaji muda zaidi, au aelezwe taratibu, au aachwe kwanza apumue. Haisemi ni ulemavu gani, inaweza kuwa usonji, kifafa, usahaulifu wa uzeeni, maumivu yasiyoisha, chochote. Na hawadai barua ya daktari, unaenda kaunta ya msaada unaomba unapewa, eapoti nyingi ni bure.

Kuhusu yenyewe kama kitu: ina kishikizo cha usalama nyuma ya shingo, ikivutwa kwa nguvu inaachia, hapo wamefikiria vizuri sana maana mtoto akinasa mahali hanyongwi. Ila kitambaa kinakwaruza jamani, na hawa watoto wetu wengi ngozi zao hazivumilii hata lebo ya shati, wangu shingoni hataki kabisa kwa hiyo tunaifunga kwenye mkanda wa begi lake la mgongoni mahali panapoonekana. Kuna bangili na beji pia, kama mwanao ni wa hivyo anzia huko.

Sasa huduma. Pale ambapo wafanyakazi wamefundishwa unaona tofauti waziwazi. Mtu wa sekyuriti anakuja kwangu kwanza ananiuliza kijana anapenda tufanyeje, hamshiki bila kusema, hamkaripii kwa nini hamuangalii usoni, anamwachia hedifoni zake za kuzuia kelele mpaka dakika ya mwisho. Kwa mtu ambaye amewahi kukaa sakafuni eapoti na mtoto anayelia huku foleni nzima inakutazama, hilo si jambo dogo. Ila mjue haikupi haki ya kuruka foleni, wapo wanaokupitisha mbele kwa wema wao na wapo wasiokupitisha, usiende ukidhani ni tiketi ya VIP. Na ina historia yake mbaya pia, wakati wa Korona 2020 kuna watu huku Uingereza waliinunua ili tu wasivae barakoa, na wenye shida za kweli wakaanza kutazamwa kama waongo.

Mahali inapofika mwisho ni pale mtu anapouliza "ana nini?" na mimi nikajibu "ana usonji." Swali linalofuata nalijua kabla halijatoka. "Oooh, sasa yeye kipaji chake ni nini? Hesabu? Piano?" Nimeulizwa na Wazungu, nimeulizwa na mashangazi zangu Dar es Salaam. Mwanangu haongei sana, anapenda maji, anapenda kupanga viatu vya wageni mlangoni, na anacheka akisikia sauti ya bibi yake kwenye simu. Hesabu hajui. Halafu unaona uso wa mtu unavyoshuka, kana kwamba usonji wa bila kipaji ni hasara tupu.

Hilo swali limetoka wapi? Lilianza zamani na Rain Man, ile filamu ya 1988 ambayo Dustin Hoffman anahesabu karata kichwani, na mtu halisi aliyeiletea wazo, Kim Peek, wataalamu walikuja kusema hata usonji hakuwa nao. Halafu wakaja masupastaa wenyewe kujitangaza. Greta Thunberg, mwanaharakati wa mazingira, alivyotukanwa 2019 akajibu kwamba kuwa tofauti ni nguvu ya kipekee, na mimi nilimshangilia, binti mdogo yule kasimama mbele ya wakubwa wa dunia. Mei 2021 tajiri Elon Musk akasema kwenye Saturday Night Live, kipindi cha vichekesho cha Marekani, kwamba yeye ni wa kwanza mwenye Asperger's kuendesha kile kipindi, wakati mwigizaji Dan Aykroyd, ambaye naye alishasema anayo, alikiendesha 2003. Asperger's ni lile jina ambalo mwongozo wa madaktari wa Marekani uliliondoa 2013 likaingizwa ndani ya usonji. Kodi Lee, kijana asiyeona na mwenye usonji, akashinda shindano la vipaji la America's Got Talent 2019 kwa kupiga piano na kuimba. Mmoja mmoja wote nawapenda habari zao, sina ugomvi nao. Ila ukizijumlisha mtu wa kawaida anabaki na picha ya tajiri, mwanaharakati na mpiga piano, na mtoto wangu hayumo.

Upande wa pili nao ni mbaya zaidi. Aprili 2025 waziri wa afya wa Marekani, Robert F. Kennedy Jr., alisimama akasema kuna watoto wenye usonji ambao hawatalipa kodi kamwe, hawatashika kazi, hawatacheza baseball, hawataandika shairi. Yaani kama si jiniasi basi ni mzigo, katikati hamna mtu. Na kule kwetu nyumbani tunaongezea ya kwetu, karogwa, ana mashetani, mama yake kafanya nini, zezeta. Ukishaitwa hivyo mtaani huyo Musk hakusaidii chochote.

Kuna waliojitangaza ambao kwangu wamesaidia kweli na ndio nataka mwajue. Susan Boyle, yule mwanamama wa Scotland mwenye sauti, tangu utotoni aliambiwa ubongo wake uliharibika wakati wa kuzaliwa, akaishi na hilo jina miaka yote, 2013 ndio akasema amepimwa na ni Asperger's. Mnaona hapo? Kilichomsaidia ni kupewa maelezo sahihi baada ya kupewa ya uongo, kipaji alikuwa nacho siku zote na bado shuleni walimuonea. Christine McGuinness, mwanamitindo na mtu wa televisheni wa Uingereza, naye alijijua akiwa mtu mzima baada ya watoto wake watatu kupimwa, wanawake wengi inawatokea hivyo maana wamejifunza kujificha tangu wadogo.

Ila wangu mimi ni Tony Snell, wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani. Huyu jamaa mkimya, mwaka 2017 akiwa timu ya Milwaukee Bucks alicheza mechi moja dakika 28 na kwenye takwimu akatoka na sifuri kila kitu, pointi sifuri, pasi sifuri, rebaundi sifuri, mtandao ukamgeuza kichekesho kwa miaka. Juni 2023, akiwa na miaka 31, akasema ana usonji, na alikwenda kupimwa kwa sababu mwanawe alipimwa akakutwa nao. Mwanaume mweusi, baba, mkimya, si wa hesabu wala kompyuta, na anasema maisha yake yote ndipo yakaleta maana. Halafu mwanzoni mwa 2024 zikatoka taarifa kwamba anatafuta timu ili atimize msimu wa 10, maana bila hiyo hapati bima ya afya ya wachezaji wastaafu inayofunika familia, na wanawe wawili wana usonji. Msimu huo hakuupata. Nilikaa nikafikiri, huyu ni mtu aliyecheza NBA misimu tisa na bado anahangaika na gharama za watoto wake kama mimi, na ni hiyo sehemu ya habari ambayo watu hawaisambazi.

Ndiyo maana hii kamba naithamini kuliko intavyuu ya supastaa yeyote. Haimtaki mwanangu aoneshe kitu. Supastaa anajitangaza mara moja, ametulia kwenye kochi, sisi tunajitangaza kila mlango tunaoingia, na kamba inasema kwa niaba yetu "mpe muda" basi, bila kuuliza atalipa nini.

Nyota moja nimeikata kwa sababu inategemea kabisa kama aliye mbele yako amefundishwa. Kwenye uwanja mmoja wa ndege kule nyumbani mhudumu aliniuliza ni kamba ya kampuni gani, na hakuwa na kosa, hajawahi kuambiwa. Kwa hiyo mkienda huko msiitegemee peke yake. Mimi nimetengeneza kadi ya Kiswahili nikaiweka kwenye kile kimfuko cha plastiki kinachoning'inia kwenye kamba, maandishi makubwa: "Nina usonji. Kelele zinaniumiza. Siongei sana lakini nasikia. Naomba unipe muda." Steshenari yoyote watakuprintia na kupiga lamineshini, na tengeneza za ziada maana hizi zinapotea hovyo.