Kuchomwa mshipa wa pua kwa silva nitreti: uzoefu wangu

Damu ya puani inayokuja mara moja na mafua haihitaji kliniki. Ile inayorudi kila wiki, tundu lilelile, hasa Juni hadi Agosti hewa ya Dodoma inapokauka, mara nyingi inatoka kwenye kimshipa kilichobaki wazi. Nilichomwa tundu la kushoto kwa njiti yenye silva nitreti, dawa inayounguza mshipa hadi uzibe, kwenye kliniki ya masikio, pua na koo. Kuchoma kwenyewe hakufiki dakika moja. Kinachoamua kama utapona ni maandalizi, na wiki mbili zinazofuata.

Muhina (damu ya puani) mwingi hutoka sehemu moja: mbele ya ukuta unaogawa pua, pale kidole kinapofika. Mishipa kadhaa inakutana hapo chini ya utando mwembamba, na hewa kavu inaupasua. Damu inayomiminika kooni hata ukiwa umeinama mbele inatoka nyuma, njiti haiwezi kuifikia, na hiyo ni ya kukimbizwa hospitali. Kijana wa kiume anayevuja sana upande mmoja huku upande huohuo umeziba achunguzwe kwa kamera kabla ya kuchomwa chochote, maana kuna uvimbe wa mishipa nyuma ya pua unaowapata vijana hao.

Kabla ya yote pimwa presha, kisha taja dawa zote unazotumia, hasa zinazozuia damu kuganda, kama warfarini na aspirini. Usiziache kwa uamuzi wako.

Unakaa kwenye kiti, kichwa kimeegemea. Unapenga kamasi taratibu ili damu iliyoganda itoke, halafu daktari anaingiza pamba iliyolowekwa lidokaini yenye adrenalini. Lidokaini inatia ganzi, adrenalini inabana mishipa. Pamba inatakiwa ikae kama dakika 10. Anayeitoa baada ya dakika 2 kwa sababu foleni ni ndefu atakuumiza bure, kwa hiyo mwombe asubiri. Kitu kingine cha kudai ni vaselini kwenye mdomo wa juu na ukingo wa tundu. Silva nitreti ikichuruzika kwenye ngozi inaacha doa la kijivu linaloendelea kuwa jeusi kwa siku kadhaa.

Njiti yenyewe ni ndefu kuliko ya kiberiti, na ncha yake ni ya kijivu. Nyingi zina silva nitreti asilimia 75, iliyobaki ni potasiamu nitreti. Daktari anaanza kugusa pembeni, akiuzunguka mshipa, na kumalizia katikati, kila mguso sekunde 5 hadi 10. Akianza na mshipa wenyewe unaweza kupasuka mkononi mwake. Utando unageuka mweupe, kama ukoko wa maziwa, na hapo ndipo pa kuacha. Unasikia mwasho mkali, jicho la upande huo linatoa machozi, chafya inakuja. Chafya ikikulemea inua mkono atoe njiti kwanza. Dawa iliyozidi inafutwa kwa pamba kavu.

Kinachoharibu kazi mara nyingi ni unyevu. Damu ikiwa bado inatoka, dawa inaoshwa kabla haijashika, na mwenye haraka anaongeza njiti ya pili na ya tatu huku akiunguza utando mzima uliokuwa salama. Damu isimamishwe kwanza. Ikikataa, kuna kuchoma kwa umeme, ila ganzi yake inahitaji kuwa ya kutosha zaidi.

Kosa zito kuliko yote ni kuchoma pande zote mbili siku moja, sehemu zinazotazamana. Gegedu (mfupa laini) la katikati halina mishipa yake, linalishwa na utando wa kushoto na wa kulia. Ukiua pande zote mbili kwa pamoja gegedu linakufa na pua inatoboka. Kama tundu la pili nalo linavuja, subiri wiki 4 hadi 6. Mtu akikuambia "tumalize zote leo", kataa.

Maelezo ya baada ya hapo nilipewa juujuu, ndiyo maana nayaandika kwa kirefu. Siku ya kwanza usinywe chai ya moto wala kuoga maji ya moto. Wiki nzima usipenge kamasi, usinyanyue ndoo nzito, na ukipiga chafya fungua mdomo. Paka mafuta uliyoandikiwa, mara 2 kwa siku, wiki 2: weka kiasi cha punje ya maharage kwenye kidole, yapake ukingoni mwa tundu, kisha bana pua kidogo yasambae yenyewe. Ukisukuma kwa kijiti cha pamba unabandua kigaga. Kigaga hudondoka chenyewe siku ya 7 hadi ya 10, na siku hiyo matone machache ya damu ni ya kawaida.

Yakizidi matone, kaa, inamia mbele, bana sehemu laini ya pua, siyo mfupa, dakika 15 bila kuachia hata kuchungulia. Damu ya mdomoni iteme. Ikipita dakika 30 bado inatoka, nenda hospitali usiku huohuo.

Nyota 4 kati ya 5. Moja nimeitoa kwa hayo maelezo ya juujuu.