TAHADHARI: Anayeuza "skolashipu ya wanaohama chuo" kwa dola 350, msimpe paswedi zenu

Wakuu, salaam. Hii ni kwa mlioko Marekani mnaobeba boksi huku mnasoma, hasa mnaomaliza miaka miwili ya komyuniti koleji na kutaka kuhamia chuo kikuu kumalizia digrii. Kuna Mswahili mwenzetu anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na "msaada maalumu wa wanaohama chuo". Kaniliza dola 350, na hizo ndizo hasara ndogo. Jina silitaji, maana anayo zaidi ya moja. Mtamjua kwa maneno yake.

Niko Texas, nafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee. Nilipokubaliwa chuo kikuu nilifurahi siku moja. Ya pili nikaona ada. Wiki hiyohiyo jamaa akatupia tangazo: dola 12,000 za uhakika, hakuna insha, hakuna kushindana, ukikosa unarudishiwa chako. Nikampigia. Mpole, ananiita dada, anauliza nyumbani wapi. Nikasema Muheza, akasema mama yake wa Korogwe. Nikalegea hapohapo.

Akadai ukihama chuo, FAFSA (fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu) ya mwanzo inakufa, lazima ifunguliwe upya "kwa mlango wa transfer", na yeye ana mtu wake ndani. Nafasi zimebaki tatu, hela itumwe kwa Zelle (huduma ya kutuma hela benki kwa benki) kabla ya saa sita usiku. Nikatuma. Akaomba paswedi yangu ya studentaid.gov (tovuti ya serikali ya kujazia FAFSA), namba ya social (Social Security, ya utambulisho huku), picha ya green card mbele na nyuma, na paswedi ya tovuti ya chuo kipya. Nikampa vyote. Msinicheke, nilikuwa nimetoka zamu ya masaa kumi na mbili.

Ukweli ni huu: FAFSA haifi. Ukishaijaza kwa mwaka husika wa masomo, unaingia, unaongeza chuo kipya kwa msimbo wake, unasaini, umemaliza. Na ni bure. Hiyo F ya mwanzo kwa Kiingereza ndiyo "bure" yenyewe! Afisa wa ofisi ya misaada chuoni alinielekeza, nikamaliza chai ikiwa bado ya moto. Cha kuangalia ni kwamba msaada haukufuati wenyewe. Chuo cha zamani kinaufuta, kipya kinapiga hesabu upya, na Pell (ruzuku ya serikali kuu, siyo mkopo) huwezi kuipokea vyuo viwili kwa wakati mmoja. Pia ina ukomo wa semesta 12 za masomo ya muda wote katika maisha yako, na zile za komyuniti koleji zimeshahesabiwa humo.

Sasa hiyo 12,000. Kiwango cha juu cha Pell kwa mwaka 2025–26 ni dola 7,395, na hata ukisoma mpaka kiangazi hufiki huko. Nilisoma tangazo lile mara tatu na sikupiga hesabu hata moja.

Mwezi wa nane, niko kwenye basi narudi kulala, naona barua pepe ya chuo: akaunti yako ya benki imebadilishwa. Mimi sijabadilisha kitu. Nikashuka kituo kinachofuata, nikapanda la kurudi chuoni. Ndipo nikaelewa paswedi ya chuo aliitakia nini. Msaada huanzia chuoni, chuo kinakata ada yake, na kinachobaki kinatakiwa kikufikie ndani ya siku 14, kwenye akaunti iliyoandikwa pale. Iliyoandikwa pale haikuwa yangu. Tukafungua na FAFSA: kaniandikia watoto wawili wanaonitegemea. Sina mtoto hata mmoja. Na saini ya chini ni yangu, siyo yake. Serikali ikiuliza, itaniuliza mimi.

Hela niliiwahi. Ila kilichonitoa jasho zaidi ni cha binamu yangu, ambaye yuko hapa kwa viza ya mwanafunzi, F-1. Mwenye F-1 hapati msaada wa serikali kuu, iwe Pell au mkopo. Huyu bwana akamwambia aweke alama penye "raia wa Marekani", eti ni ya mfumo tu. Jamani! Kujidai raia wakati siyo kunaweza kukufungia mlango wa green card moja kwa moja. Tulimkamata mkono kabla hajasaini.

Kama ulishampa vitu, badilisha paswedi leo, nenda ofisi ya misaada ya chuo ana kwa ana, angalia akaunti ya benki iliyoko kwenye tovuti yao. Fungia taarifa zako za mikopo kwenye kampuni tatu zinazozitunza, Equifax, Experian na TransUnion, asije akakopa kwa jina lako; ni bure tangu 2018. Ripoti kwenye reportfraud.ftc.gov, na kama social iko mikononi mwake, identitytheft.gov.

Skolashipu za wanaohama zipo kweli. Ile ya Jack Kent Cooke inatoa mpaka dola 55,000 kwa mwaka, kuomba ni bure, lakini utaandika insha mpaka uchoke na ushindani wake si wa mchezo. Vyuo vingi navyo vina fungu la wanaohama, lenye tarehe yake ya mwisho. Mimi ya kwangu ilishapita nikiwa namsubiri huyu bwana.

Tangazo limerudi wiki iliyopita kwenye grupu la akina mama wa kanisani. Namba mpya, picha ya mwanamke kavaa joho, bei sasa dola 500. Mwenye risiti ya Zelle kama yangu aje inbox, naziambatanisha zote kwenye lalamiko.