"Ulizima ya nini?" Uzoefu wangu na Subaru ya zamani na ya juzi

Nianze na hukumu, asiye na muda aende zake. Ukitaka Subaru Impreza ya kuivua, kuibadilisha na kuiongezea nguvu, na unaishi Uganda, chukua ya zamani. Ile ya miaka ya 90, GC8. Hizi za 2000 mpaka 2007 waachie wenye moyo wa chuma.

Mimi ninayo hiyo ya pili, STI (Impreza ya mbio) ya 2006, ile wanayoiita Hawkeye. Shemeji yangu wa Tororo ana GC8 yenye namba ya zamani ya Uganda inayoanza na UAE na mlango mmoja wa rangi yake peke yake. Msiniambie ningeagiza nzuri zaidi Japani. Tangu Oktoba 2018 gari lililofikisha miaka 15 haliingii nchini, kwa hiyo zote mbili unazinunua humu humu, kwa mtu aliyekwisha kuzitesa, na bei anayokutajia haina aibu hata kidogo.

Gari lilikuwa zima. Nililiwekea ekzozi pana, nikabadilisha shokapu, kikabaki kitu kimoja: kupanga upya kompyuta ya injini. Hapo hapana njia ya mkato. Kompyuta yake ilipangwa kwa petroli ya Japani ya okteni 100, yaani inayostahimili mgandamizo mkubwa bila kulipuka kabla ya wakati. Ukiinywesha ya vituo vyetu huku umeifungulia turbo pumzi, injini inaanza kugonga ndani kwa ndani, na siku pistoni ikipasuka utalia kwa sauti. Nikaelekezwa gereji moja ya Kampala. Silitaji jina, wao wenyewe wanajijua.

Mimi ni mtu wa Malaba, nauza spea za malori, Kiswahili ndiyo lugha ya kazi yangu. Nilipofika nikasalimia kwa Kiswahili, kijana wa laptop akasimama wima: "Karibu afande." Kampala ni hivyo, ukizungumza Kiswahili wanakuona na bunduki. Sikumsahihisha mara moja, heshima ilikuwa tamu. Alipokuja kujua kwamba mimi ni mwuza spea tu wa mpakani, "afande" ikafa. Nikawa "wewe". "Wewe, gari hii umeiweza kweli? Si ungetafuta Toyota Spacio, mama wa nyumbani aende nayo sokoni?" Wenzake wakacheka. Nikanyamaza, kwa sababu ufunguo wangu ulikuwa tayari mkononi mwake.

Walikaa na gari mpaka nikachoka kupiga simu. Kila nikiuliza, "kesho". Siku waliyoniita nikalipa milioni na kitu. Kijana aliliwasha mwenyewe, akashuka, akaniachia mlango wazi huku injini inanguruma. Nikaona ni adabu. Kumbe!

Na nguvu ilikuwepo, siwezi kusema uongo. Nilipita Mukono natabasamu peke yangu. Nikasimama Namawojjolo kununua kuku, nani anapita pale bila kununua kuku? Nikazima injini. Wauzaji na makoti yao yenye namba wakanizunguka, vijiti vya nyama vinaingia dirishani kutoka kila upande. Nikalipa, nikazungusha ufunguo. Stata inazunguka, moto hakuna. Nikarudia. Hakuna. Taa ndogo ya ufunguo kwenye dashibodi inanikonyeza.

Nikampigia kijana. "Gari imekataa kuwaka."

Kimya. Halafu: "Ulizima ya nini?"

Nisomeni vizuri. Mtu umemlipa milioni na kitu, anakuuliza kwa nini umezima gari. Nikamwambia nimezima kwa sababu nimesimama. Akasema, "Sasa ndiyo hivyo," akakata. Nikapiga tena, hakushika. Mpaka leo hajashika. Nimeshughulika na madereva wa malori kutoka Mombasa hadi Bunia, watu wenye midomo, lakini swali kama lile sijawahi kuulizwa. Ulizima ya nini! Gari lina ufunguo, lina mahali pa kuzungusha, pameandikwa kuzima. Ningekula kuku wangu huku linanguruma?

Kijana wa boda akanitafutia fundi wa umeme, mzee mmoja wa Lugazi. Alikuja na taa ya kupimia waya na bisibisi mbili, akafungua kifuniko cha chini ya usukani. Kikadondoka kidude cheusi kidogo kuliko ukucha, kimeng'ang'aniwa na selotepu iliyokauka. Akakitazama, akanitazama mimi. Akafungua na upande wa kontroli boksi, ndiyo hiyo kompyuta ya injini: lilikuwa la gari jingine, bado lina maandishi ya kalamu nyeupe ya wauza spea wa Kisekka. Waliniulia kompyuta yangu wakiipanga upya, wakanunua iliyotumika, na kwa kuwa imobilaiza yake, kile kifaa cha kuzuia wizi, haiujui ufunguo wangu, wakatoa chipu ya ufunguo wake na kuibandika karibu na swichi. Imobilaiza inauliza chipu wakati wa kuwasha tu. Ikishakubali, hata chipu ianguke kwenye matuta ya Mukono, injini inaendelea. Mpaka uzime.

Mzee alibandika upya, gari likawaka. Akaniambia kwa upole, "Mzee mwenzangu, ikiwezekana, usizime mpaka nyumbani." Maneno yale yale! Lakini huyu nilimpa hela yake na ya chai juu.

Ndiyo maana nasema chukua ya zamani. GC8 ya shemeji haina imobilaiza, kebo ya mafuta unaiona kwa macho, na fundi wake anafanya kazi chini ya mwembe. Tena shemeji hachoki kunihesabia: madereva wa Subaru, McRae bingwa wa dunia wa mbio za rally 1995, akachukua Safari Rally ya Kenya 1997, Burns naye Safari 2000, zote bodi la zamani. Namjibu kwamba Burns alikuja kuwa bingwa 2001 na Solberg 2003, kwa bodi la ukoo wa langu. Ananyamaza kidogo, kisha anauliza, "Na wao walikuwa wanazima?"

Ila nisiwadanganye kwa hasira. Hiyo GC8 imeoza nyuma ya magurudumu kiasi kwamba ukibonyeza bati kidole kinaingia. Giaboksi yake ya gia tano imeshasaga meno tangu aongeze turbo kubwa, na siku tuliposhuka kutoka Kapchorwa, breki zake zilinuka mpaka shemeji akalazimika kusimama Sipi, huku mimi nateremka na breki zangu za Brembo kama sina habari. Bodi langu kwenye kona halilii. Gia sita, zote zinaingia. Kwa usalama wa watoto, kwa kweli, langu ndilo ningempa mtu.

Basi niseme hivi: chukua ya juzi, ila usiipeleke kwa vijana wa laptop. Na kama huna pa kuipeleka zaidi ya kwao... hapo rudi kwenye ya zamani. Au nunua Spacio, tumfurahishe yule kijana. Nikimkumbuka tu mkono unanitetemeka.

Gari siliuzi. Natafuta kontroli boksi la STI ya 2006, pamoja na boksi lake la imobilaiza na ufunguo wake, vyote kutoka gari moja, nivione vikiwasha mbele yangu, vizime, viwashe tena. Kama una boksi bila ufunguo, usinipigie.