Sintesaiza yako ya kwanza ya analogi: ununue ipi?

Kama bajeti yako inatosha sintesaiza moja tu ya analogi, yaani chombo kinachounda sauti kwa saketi za umeme badala ya hesabu za kompyuta, nunua Korg Minilogue. Naanza na jibu kwa sababu maprodyuza wengi wanaouliza swali hili wameshatazama video mpaka wamechanganyikiwa, na mwisho wanaitamani Minimoog, ambayo kwa kuanzia haiwafai.

Kabla ya kuangalia jina la kampuni, uliza chombo kinatoa noti ngapi kwa mpigo. Minimoog Model D, iliyotoka kwa kampuni ya Bob Moog mwaka 1970, inatoa moja tu. Bonyeza vitufe vitatu, kitasikika kimoja. Kwa besi na solo hapo hakuna kasoro yoyote, lakini ukitaka kujaza nafasi nyuma ya mwimbaji, utakwama. Kisha uliza kama kina kumbukumbu. Sintesaiza nyingi za analogi hazihifadhi chochote: sauti uliyoitengeneza leo, ukishagusa nobu (vitufe vya kuzungusha), imekwenda.

Minilogue, iliyotoka mwaka 2016, inajibu maswali yote mawili. Inatoa noti nne kwa pamoja, kila noti ina osileta (saketi za kuzalisha mlio) mbili, na kuna nafasi 200 za kuhifadhi sauti. Ilipoingia sokoni Marekani iliuzwa kama dola 500. Ninachoipendea zaidi ni kioo chake kidogo kinachochora wimbi la sauti unapopiga. Chagua wimbi la msumeno, shikilia noti moja, kisha funga filta, sehemu inayokata ukali wa sauti, polepole. Utaona meno ya wimbi yanalainika hadi kubaki mkunjo mwororo, na sauti nayo inapoa palepale. Kwa anayejifunza, dakika hizo chache zinafundisha kuliko maelezo marefu. Vitufe vyake 37 ni vyembamba, na mtu aliyezoea piano vitamsumbua. Pia tundu lake la kutolea sauti ni la mono, yaani kushoto na kulia hutoka sauti ileile. Bado naiweka ya kwanza.

Ya pili ni Behringer Model D, kwa mtu anayejua kabisa kwamba anatafuta besi. Imenakili mzunguko wa Minimoog, ina osileta tatu na filta ileile ya Moog iitwayo ya ngazi, na ilianza kuuzwa kwa takriban dola 300. Moog wenyewe walipoirudisha Minimoog mwaka 2022, bei ilikuwa karibu dola 5,000. Kwa mdundo utakaochezwa kwenye klabu au kwenye daladala, tofauti ya sauti kati ya hizo mbili haistahili pengo hilo la pesa. Ila ujue unanunua kisanduku kisicho na vitufe vya kupigia, kwa hiyo lazima uwe na kinanda cha MIDI, kinachotuma noti kwa waya kwenda chombo kingine. Kumbukumbu haina pia, basi piga picha ya nobu kwa simu kila unapopata sauti nzuri. Na ukishaiwasha, iache ipate joto kabla ya kurekodi. Osileta zake huhama tyuni joto linapobadilika, kwa hiyo ukiwasha kiyoyozi katikati ya kazi, itabidi utyuni upya.

Nafasi ya tatu naipa Korg Monologue, na wapiga taarabu wangeweza kuipandisha hadi ya kwanza. Inatoa noti moja, ina vitufe 25, na inatumia hata betri sita ndogo. Lakini inakuruhusu kubadilisha tyuni ya kila noti peke yake. Maqamu (mpangilio wa noti wa muziki wa Kiarabu) ya rast ukiianzia do inahitaji noti ya mi iliyo katikati ya mi bemoli na mi ya kawaida. Kwenye kinanda cha kawaida noti hiyo haipo, na anayejaribu kuifuata ganuni au udi anajua jinsi inavyokera. Kwenye Monologue unaishusha mi nusu ya nusutoni, unafanya hivyohivyo kwa noti ya si, unahifadhi, na sauti ya analogi inakaa kwenye maqamu bila kugombana na fidla.

Moog Grandmother ni nzuri mno, ina vitufe 32 vya ukubwa kamili na mwangwi halisi wa springi, lakini haina kumbukumbu na bei yake ni ya mtu anayenunua chombo cha pili. Prophet-5 ya kampuni ya Sequential, iliyorudishwa mwaka 2020, ilizidi dola 3,000. Hiyo waachie wenye studio zinazoingiza pesa.

Zimebaki zilizotumika, hasa Roland Juno-106 ya mwaka 1984. Sauti yake ya noti sita pamoja na korasi, madoido yanayoifanya isikike pana, naipenda sana, na ndiyo maana nasisitiza uangalifu. Iliyotoka Japani imetengenezewa umeme wa voti 100, na ya Marekani voti 120. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu wa voti 230 au 240, unaiunguza, kwa hiyo weka bei ya transfoma ya kushusha umeme ndani ya bajeti. Ugonjwa wake mkubwa ni chipu za sauti, moja kwa kila noti, ambazo hufa kwa uzee. Kabla ya kutoa pesa, izime, shikilia kitufe cha kuhamisha ufunguo (Key Transpose), kisha iwashe. Sasa kila unapobonyeza noti, kioo kinaonyesha namba ya sauti inayolia. Piga mara sita na usikilize. Namba ikitokea bila mlio, au ikakwaruza, chipu hiyo imekwisha. Chipu mbadala zipo na zinaagizwa nje, lakini kama huna fundi anayeweza kuzichomoa zile za zamani bila kuharibu bodi, irudishe kwa mwenyewe.