Tahadhari: anayeuza mashine za RTK Unguja na Pemba bila duka

Assalaam alaykum. Wapima ardhi, mafundi wa ujenzi na vijana wa droni, kuna mtu anauza mashine za RTK (za kupimia nukta kwa setilaiti kwa usahihi wa sentimita) zilizokwishatumika kwa njia ya WhatsApp. Duka hana. Hukutana na wateja pembeni mwa Darajani, au Mkoani meli inapofika, na hutaka nusu ya pesa itangulie kwa simu. Msimtumie.

Bei yake ni ndogo, lakini bei ndogo peke yake si dalili ya utapeli, na hapo ndipo anapowapata watu. Zamani bezi (kipokezi kinachosimama pahala pamoja na kutuma masahihisho) na rova yake (kipokezi kinachotembezwa kwenye nukta) zilikuwa bei ya gari. Zilipotoka chipu za masafa mengi kama ZED-F9P ya kampuni ya u-blox, mashine za kweli zimeshuka bei sana, na siku hizi zinanunuliwa na wakulima wenye matrekta, wenye droni na wakandarasi wa barabara. Kwa hiyo akikwambia zimekuwa rahisi, hilo ni kweli. Anachokukabidhi ndicho chengine.

Mwenzetu mmoja wa Pemba alipima viwanja karibu na Chake Chake, kioo kikimuandikia sentimita 2 kila nukta. Siku nyengine akarudia nukta zile zile, zikawa zimehama zaidi ya mita. Kasha lilikuwa la mashine nzuri, ndani mna kipokezi kinachopokea masafa mamoja tu ya setilaiti, yaani L1 peke yake, na programu imechezewa iandike "fiksi", yaani nukta imethibitika kwa sentimita, wakati wote. Bikoni za mipaka zimeshatiwa zege. Kuna aliyeanza kunyanyua ukuta kwa kuzifuata, na jirani yake anamwita mpima mwizi. Mtu aliyesomea kazi yake na kuijengea jina kwa miaka, leo anaitwa hivyo kwa sababu ya kasha lililopakwa rangi upya!

Sisi tuko kama digrii 6 tu kusini mwa ikweta, na huku ionosfera, tabaka la juu la anga lenye chaji za umeme, huvuruga mawimbi ya setilaiti kuliko Ulaya, hasa baada ya magharibi. Mashine ya masafa mawili hulinganisha mawimbi hayo na kuondoa sehemu kubwa ya kosa. Ya L1 peke yake haina cha kulinganisha. Ndiyo maana huyu bwana hupenda kuonyesha mashine yake asubuhi, uwanjani peupe, imesimama pale pale dakika chache.

Maneno yake mengine ni kwamba huhitaji bezi, eti masahihisho yanashuka bure kutoka setilaiti za Galileo. Huduma hiyo ya Ulaya ipo kweli tangu Januari 2023, na ni bure. Lakini usahihi wake ni kama sentimita 20, tena kwa kipokezi kilichotengenezwa kuipokea. Sentimita 2 bila bezi wala intaneti, hapana.

Kabla ya kutoa hata shilingi, mwambie azime bezi. Rova ya kweli itapoteza fiksi baada ya muda mfupi. Ikiendelea kuandika fiksi kama hapakutokea kitu, ondoka. Kisha pima nukta mbili, tandaza tepu kati yake, zima mashine, na baada ya saa moja pima tena. Vipimo vikipishana, atakwambia tofauti ni ya datumu, yaani msingi wa kuhesabia nukta kwenye ramani, kwa kuwa vituo vyetu vya zamani viko kwenye Arc 1960 na mashine inatoa WGS 84. Ni kweli datumu hizo zinapishana kwa mamia ya mita, lakini umbali wa mita 30 baina ya nukta mbili haubadiliki kwa datumu. Mwisho toa faili la RINEX, yaani la vipimo ghafi vya setilaiti, ulifungue kwenye kompyuta yako mwenyewe. Kama hamna masafa ya L2 wala L5, hiyo si mashine ya kazi yetu.

Wapo pia waliouziwa mashine nzima kabisa, ila namba yake ya siri ya kuifungulia ni ya muda. Mwezi ukisha inajifunga, na yeye anadai pesa nyengine kuifungua. Mtumie mtengenezaji namba ya mashine kabla ya kulipa. Muulize kama imeripotiwa kuibiwa.

Ambaye ameshanunua, asifute ujumbe wala risiti za simu, aende navyo polisi. Na viwanja ulivyopima kwa mashine hiyo virudie kwa mashine ya kuazima kabla wenyewe hawajajenga.