Penseli au ngoma, wakati hujui kesho ikoje

Mkataba wangu wa kazi uliisha na kuhusu mpya hakuna aliyesema lolote. Nikajaribu njia mbili za kuishi na hali hiyo.

Ya kwanza, penseli na daftari. Jioni nilikaa karibu na kivuko cha Kamanga, jijini Mwanza, nikachora Jiwe la Bismarck, yale mawe yaliyopandana ziwani. Siku za mwanzo nilichora lile la kwenye kadi za posta, si nililokuwa naliona. Mara ya nne ndipo nikajiuliza: jiwe la juu limekaa kama linataka kutumbukia ziwani, limeshikwa na nini? Swali hilo likanilia nusu saa bila kuwaza kodi ya nyumba. Gharama ni ndogo, na hakuna anayekusumbua, ukiacha watoto wanaouliza, "Anko, hicho ni kiazi?"

Ya pili, bugobogobo, ngoma ya Wasukuma inayochezwa na majembe, iliyotokana na kulima pamoja. Huko huwezi kuzubaa: jembe linarushwa, unalidaka, na ngoma haikusubiri. Ila inataka watu, muda na mwalimu mvumilivu. Mimi nililidondosha mara tatu, mara moja nusura kwenye kidole cha jirani. Usiku huo nililala kama gogo, jambo ambalo penseli haijawahi kunifanyia.

Ukikesha ukihesabu mabati, anza na ngoma. Kama unachotaka ni kutulia na swali moja, chora. Mimi wiki nzima nachora, Jumamosi napanda daladala ya Kisesa kwenda kwenye ngoma.