Avebury na watoto: bebeni mabuti ya mvua

Mama yangu alikuja kututembelea kutoka Tanga, tukampeleka Avebury, duara la mawe ya kale kule Wiltshire, Uingereza, pamoja na wanangu wawili, wa miaka minane na mitano. Stonehenge, duara jingine la mawe la huko huko, tulishakwenda mwaka juzi: unakata tiketi, unazunguka nje ya kamba, na mdogo alilia njia nzima kwa kunyimwa kugusa. Avebury unalipia maegesho tu. Mawe unayagusa, unayaegemea, unayakumbatia ukitaka.

Duara ni kubwa mpaka sehemu ya kijiji imo ndani yake. Tuta la nje ukilizunguka ni zaidi ya kilomita moja, na handaki lake lilichimbwa kwa pembe za kulungu, zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Mkubwa aliposikia hivyo akaokota kijiti, akaanza kukwangua udongo. Dakika mbili tu akachoka.

Kilichowateka hasa ni kisa cha kinyozi. Mwaka 1938, mawe yaliyofukiwa zamani yalipokuwa yakisimamishwa upya, chini ya moja ilikutwa mifupa ya mtu wa karne ya 14, ana mkasi na sarafu zake. Jiwe likapewa jina la kinyozi. Basi kuanzia hapo, kila jiwe swali ni moja: "Na chini ya hili yuko nani?"

Bibi yao hakushughulika na kinyozi. Upande wa mashariki, juu ya tuta, kuna miti mikubwa ambayo mizizi yake imetambaa nje kama nyoka, na watu wamefunga vitambaa vya rangi matawini. Akasimama, akatazama. "Kumbe na hawa wana mzimu wao," akasema, "kama wetu wa mapango ya Amboni." Akawakataza wajukuu wasiguse hata kitambaa kimoja. Mawe sawa, vitambaa hapana.

Sasa kero. Kondoo wanalisha humo humo ndani, kwa hiyo mavi yametapakaa. Mdogo aliserereka tutani kwa makalio, na suruali ikarudi nyumbani ndani ya mfuko wa plastiki. Halafu barabara ya magari inakata katikati ya duara, kwa hiyo mtoto mshike mkono kila mnapovuka. Kigari cha kusukuma kiacheni nyumbani, nyasi na matope vitawatoa jasho.

Natoa nyota nne. Mkubwa anasema tano, lakini yeye hakufua ile suruali.